Mtoto Akililia Wembe: Historia ya Pikipiki ya Theluji na Vijana wa Milimani

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Jeraha litamfunza lile ambalo mdomo wa mzazi umeshindwa. Tumeurithi msemo huu, tunautamka vikaoni, na mara nyingi tunaukubali bila kuuliza wembe wenyewe ni wa namna gani, na mtoto mwenyewe ana mkono wa kiasi gani. Katika makala haya nataka kuuliza maswali hayo mawili kwa kufuata historia ya chombo kimoja ambacho wengi wetu tumekiona pichani tu: pikipiki ya theluji. Nataka kueleza ilizaliwaje, ilipandaje mlimani, na ilikuwaje watu wa nchi za baridi wakachukua miaka zaidi ya sitini ya kuiuza madukani kabla hawajatengeneza ya mlimani inayomfaa kijana.

Ndugu msomaji, najua utaniuliza: wewe kijana wa Moshi, theluji unaijulia wapi? Swali ni la haki. Mimi nimemaliza kidato cha nne, riwaya yangu naiandika usiku kwenye kaunta buku, na mchana nashinda gereji kwa mjomba nikishika spana. Theluji ninayoijua ni ile ya Kibo inayoonekana asubuhi kabla mawingu hayajaifunika. Lakini injini ni injini, bwana. Kabureta inayoziba hapa ndiyo inayoziba kule. Tena mtu mwenye ndoto ya kuandika riwaya hana budi kufika kwa akili asikofika kwa miguu. Nina na sababu nyingine, ya nyumbani, nayo nitaitaja pahali pake.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Pikipiki ya theluji haina magurudumu. Mbele ina mbao mbili za kutelezea zinazogeuzwa kwa usukani kama wa pikipiki. Nyuma ina mkanda mpana wa mpira, wenye meno, unaozunguka kama minyororo ya tingatinga. Dereva hukaa juu kama mpanda farasi. Injini nyingi ni zile za kuchanganya petroli na oili, zinazolia kama msumeno wa kukatia miti. Gia za kukanyaga hamna. Nguvu hupita kwenye beliti iliyo baina ya puli mbili zinazojibana na kujiachia zenyewe kadiri mwendo unavyoongezeka, kama ilivyo kwenye skuta. Mtu akibonyeza kwa dole gumba, mashine inakwenda. Ndiyo maana hata mtoto anaweza kuiondoa. Kuiondoa ni rahisi. Kuisimamisha pahali pabaya ndiyo kazi.

Sasa sikiliza ilivyoanza. Mwaka 1907, katika kijiji cha Valcourt, jimbo la Québec nchini Kanada, alizaliwa mtoto aitwaye Joseph-Armand Bombardier. Baba yake alitaka awe padri. Mtoto mwenyewe alitaka kufungua mashine, na alizifungua kweli, hata baba akaona afadhali ampe gari bovu la Ford Model T alichezee, ili yale mazima yapone. Tarehe 31 Desemba 1922, Bombardier akiwa na miaka 15 tu, watu wa Valcourt walisikia ngurumo barabarani. Wakatoka nje. Wakaona ajabu: gari la kuteleza, limefungwa injini ya lile Ford bovu, na nyuma yake linazunguka pangaboi kubwa la mbao kama la ndege, linalosukuma hewa. Ndugu yake Léopold yuko mbele anaongoza, yeye yuko nyuma na injini yake. Na dude lilikwenda!

Baba alifanya nini? Hakupiga makofi. Aliamuru livunjwe mara moja, maana pangaboi lile lilikuwa wazi na lingeweza kumkata mtu vipande. Wengi wanaosimulia kisa hiki humfanya mzee huyo kuwa adui wa ugunduzi. Mimi sikubaliani nao. Mtazame vizuri: ni yeye aliyempa mwanawe injini, na ni yeye aliyemnyima pangaboi. Alitofautisha kati ya kiu ya kijana na hatari ya chombo. Hakumwambia mwanawe asiguse mashine tena. Alimwambia asiguse hii. Kijana hatimaye aliacha masomo ya upadri, akajifunza ufundi, na mwaka 1926, akiwa na miaka 19, alifungua gereji yake palepale Valcourt. Naomba msomaji aishike picha hiyo ya injini na pangaboi, kwa kuwa tutaihitaji huko mbele.

Majira ya baridi huko si mchezo. Zamani hizo barabara za vijijini zilizikwa na theluji miezi kadhaa, magari yakawekwa juu ya magogo, watu wakarudi kwenye farasi. Bombardier alitumia kila msimu wa baridi kujaribu chombo kitakachopita juu ya theluji laini bila kuzama. Mwaka 1934 mtoto wake Yvon, mwenye miaka miwili, aliugua kidole tumbo, ugonjwa ukasambaa tumboni. Hospitali ilikuwa mbali, barabara zimeziba, na ndani ya gereji hapakuwa na mashine hata moja iliyokamilika kiasi cha kumpeleka. Mtoto akafa. Fikiria, msomaji, baba fundi, aliyezungukwa na vyuma na injini, anashindwa na theluji ya barabarani! Sitaki kutia chumvi kwa kusema kifo hicho ndicho kilichozaa mashine. Alikuwa ameianza kabla. Lakini miaka michache baadaye, mwaka 1937, alipata hataza ya mfumo wake wa gurudumu la meno linalozungusha mkanda wa mpira, na gari lake la theluji la abiria saba, B7, likaanza kuuzwa. Walioligombea ni madaktari, mapadri, wenye hoteli na wapeleka barua. Kampuni yake ilisajiliwa mwaka 1942. Yaani chombo hiki kilianza kama gari la wagonjwa kabla hakijawa mchezo wa vijana.

Kisha historia ikageuka, kama inavyopenda kugeuka. Mwaka 1948 serikali ya Québec ilipitisha sheria ya kusafisha theluji barabarani, hata vijijini. Heri kwa wananchi, balaa kwa Bombardier: mauzo yalishuka karibu nusu. Ikabidi aufikirie upya ule wazo wake wa ujanani, chombo chepesi cha mtu mmoja au wawili. Injini nyepesi zikawa zimeanza kupatikana, na mwanawe Germain akabuni mkanda wa mpira usio na maungio. Mwaka 1959 wakatoa Ski-Doo. Inasimuliwa kwamba jina lilipangwa liwe Ski-Dog, mbwa wa theluji, kwa kuwa lengo lilikuwa kuchukua nafasi ya mbwa wanaovuta sleji za wawindaji na wamisionari. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 7. Ziweke akilini hizo saba.

Bombardier hakuwa peke yake. Huko Sayner, Wisconsin, nchini Marekani, Carl Eliason alikuwa na kasoro ya mguu, akawa anabaki nyuma marafiki zake wanapokwenda kuwinda kwa mbao za kutelezea. Mwaka 1924 akaunda sleji ndefu ya mbao, akaifunga injini ndogo ya mashua yenye nguvu za farasi 2 na nusu, akawapita. Na huko Roseau, Minnesota, mwaka 1956, mafundi wa karakana moja ya zana za kilimo, David Johnson na wenzake, walitengeneza mashine yao wakati bosi wao Edgar Hetteen hayupo. Hetteen aliporudi hakufurahi. Aliona wamepoteza muda na chuma. Mashine iliuzwa haraka ili kupata fedha, na mara mteja wa pili akataka ya kwake. Karakana hiyo ndiyo Polaris. Mwaka 1960 Hetteen huyohuyo aliyenuna akaivuka Alaska kutoka Bethel hadi Fairbanks juu ya mashine hizo, safari ya takriban wiki tatu, kuthibitisha kwamba si mwanasesere. Kisha akaondoka Polaris, akaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Arctic Cat. Ndivyo walivyo wakubwa: wakinuna leo, kesho huenda wakaongoza msafara.

Lakini sisi tunaoandika hatuna haki ya kusifu tu. Kaskazini kabisa ya Finland, pande za Sevettijärvi, wanaishi Wasami wa Skolt, wafugaji wa kulungu wa baridi. Pikipiki ya theluji iliwafikia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwanaanthropolojia Pertti Pelto aliyafuatilia maisha yao na mwaka 1973 alichapa kitabu kuhusu mabadiliko hayo. Aliona kwamba chini ya miaka kumi karibu kila kaya ilikuwa imeshanunua. Kulungu waliofugwa kwa upole na mbwa na miguu ya watu wakaanza kukimbizwa na ngurumo, wakawa wakali. Chakula cha mnyama wa kuvuta kilikuwa bure porini, ila petroli inanunuliwa, na spea inaagizwa kutoka mbali. Aliyeweza kununua na kuihudumia mashine aliendelea. Aliyeshindwa akatoka katika ufugaji. Wengi wa wenye kuimudu walikuwa vijana. Wazee waliojua kila kilima na kila upepo wakajikuta wamekaa pembeni, elimu yao haina mteja. Hapo msomaji utaona: chombo hakimpi kijana mwendo tu, humpa na madaraka, pengine kabla hajapewa busara ya kuyabeba.

Sasa tupande mlimani, maana ndiko makala yanakoelekea. Milima ya Rocky, kutoka Colorado, Utah na Idaho hadi British Columbia, ina theluji laini inayoweza kummeza mtu hadi kifuani. Kwa muda mrefu mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya njia tambarare za misituni zilipelekwa huko, zikazama. Mkanda wa kawaida ulikuwa na mzunguko wa inchi 121 na meno mafupi. Vijana wa milimani, wakiwa kwenye gereji zao, walianza kurefusha: wakaongeza fremu ya nyuma, wakafunga mkanda mrefu, wakachagua meno marefu. Sababu ni ileile inayomfanya mama avae kandambili pana akipita kwenye tope: uzito ukisambazwa, hauzami. Viwanda viliona, vikafuata. Ski-Doo ikaleta Summit katika miaka ya 1990, Polaris ikaleta RMK. Mkanda ukapanda kutoka 136 hadi 144, 151, 163, na leo ipo inayozidi inchi 170, yenye meno ya inchi 3. Mbao za mbele zikasogezwa karibu zaidi ili mashine ilale ubavu kirahisi, kwa sababu mlimani dereva hageuzi kwa usukani peke yake; anailaza kwa uzito wa mwili, akiwa amesimama, mguu mmoja nje. Mwaka 2003 Ski-Doo ilitoa umbo la REV lililomsogeza dereva mbele, na kusimama kukawa rahisi zaidi.

Kuna adui mwingine ambaye haonekani: hewa nyepesi. Kila unapopanda mita 300, injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake. Kwenye mita 3,000 imeacha njiani karibu theluthi. Siyo hivyo tu. Hewa ikipungua na petroli ikabaki ileile, mchanganyiko unakuwa mzito, injini inakohoa na kuchafua plagi. Kwa mashine za kabureta, fundi hubadilisha jeti, akaweka yenye tundu dogo. Kisha hupunguza uzito wa vile vyuma vilivyo ndani ya klachi, ili injini iliyodhoofika iruhusiwe kuzunguka kwa kasi yake kabla ya beliti kubana. Siku hizi mashine zenye kompyuta hujipimia petroli zenyewe. Na katika toleo la 2020 Ski-Doo ilileta Summit yenye tabo iliyofungwa kiwandani, iliyokusudiwa kulinda nguvu zake za farasi 165 hadi mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari. Tulianza na 7, tumefika 165. Pangaboi limerudi, jamani, safari hii limefichwa ndani ya plastiki nzuri yenye rangi.

Maana mashine ilipoweza kufika kila mahali, vijana walianza kwenda kila mahali. Ukazuka mchezo wa kupanda mteremko mkali na kuacha alama juu zaidi ya mwenzako, kisha kugeuza kabla mashine haijaishiwa pumzi. Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45, na hiyo ndiyo miteremko mitamu kwa mchezo huo. Tarehe 21 Machi 1999, katika pito la Turnagain huko Alaska, watu sita walikufa. Tarehe 28 Desemba 2008, karibu na Fernie, British Columbia, wanaume 11 walifukiwa. Wengine walikuwa wakiwachimbua wenzao poromoko la pili lilipowashukia. Wanane hawakurudi. Machi 2010, karibu na Revelstoke, poromoko liliangukia umati uliokusanyika kutazama mashindano ya kupanda. Wawili walikufa, wengine wapatao thelathini walijeruhiwa. Kwa hiyo mtu anayezungumzia kuiboresha mashine ya mlimani bila kutaja koleo ni muuza maneno.

Koleo nimelitaja kwa makusudi. Mwaka 1968 mhandisi John Lawton, wa maabara moja ya Buffalo, New York, alibuni redio ndogo ya kuvaa mwilini, inayotuma mlio na kupokea mlio, ili aliyefukiwa aweze kutafutwa na wenzake. Kifaa hicho, pamoja na ufito mrefu wa kuchomea theluji na koleo la kufukulia, ndiyo mafiga matatu. Ukikosa moja, chungu hakikai. Utafiti uliochapwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba wengi waliofukiwa walikuwa bado hai dakika 15 za kwanza, kisha idadi ikaporomoka. Utafiti wa karibuni zaidi, wa mwaka 2024, unazipunguza dakika hizo hadi 10. Dakika kumi! Hakuna msaada utakaotoka mjini kwa dakika kumi. Anayekuokoa ni yule uliyekwenda naye, kama naye anajua kutumia kifaa chake, na kama hakusimama palepale uliposimama wewe.

Na watoto je? Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Arctic Cat ilitoa Kitty Cat, mashine ndogo ya cc 60, ya mtoto kuzunguka uani huku mzazi anamtazama. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Yamaha ikaleta Sno Scoot ya cc 80. Kuelekea mwaka 2000 zikaja za cc 120, zilizofungwa mwendo zisikimbie. Hizi zote ni nzuri kwa uani na kwenye theluji iliyoshindiliwa. Lakini zipeleke kwenye theluji laini ya mlimani, zinazama kama jiwe: mkanda mfupi, meno mafupi, nguvu hamna. Kwa hiyo mtoto wa milimani alipofikisha miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, miguu imeshapita mashine yake, alikuta mbele yake nini? Mashine ya baba. Kilo kama 200, nguvu za farasi zaidi ya 150. Katikati palikuwa patupu. Ni sawa na kumtoa mtoto kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ukamkabidhi lori la Scania.

Familia zenye akili zililiziba pengo hilo kwa mashine kuukuu. Ski-Doo Élan, ya silinda moja ya cc 250, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1996, ilikuwa nyepesi na haina makuu. Watu wengi wa makamo wa Kanada walijifunzia hiyo. Nyingine ni Tundra, nyembamba na yenye mkanda mrefu, iliyopendwa na wawindaji. Injini za kupozwa kwa feni zilipendelewa kwa kuwa hazina rejeta ya kupasuka. Viwanda vyenyewe vilichelewa. Katika toleo la 2018 Arctic Cat na Yamaha walileta za cc 200. Toleo la 2021 likaleta Blast ya Arctic Cat, silinda moja, cc takriban 400, na mojawapo, ya milimani, ikawa na mkanda wa inchi 146. Mwaka 2024 Ski-Doo nayo ikatangaza Summit Neo, umbo lililopunguzwa, nguvu zilizopunguzwa, usukani uliosogezwa karibu. Ndiyo ile miaka sitini na ushei niliyoitaja mwanzoni. Si kwamba ufundi ulikosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kumtazama kijana kama kijana, si kama mtoto aliyechelewa kukua wala mtu mzima mfupi.

Haki inanitaka niseme upande wa pili. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, American Academy of Pediatrics, mwaka 2000 kilisema wazi kwamba asiyefikisha miaka 16 asiendeshe kabisa, na mdogo wa miaka 6 asipakiwe. Madaktari wanaona vifua vilivyopondwa na vichwa vilivyogonga miti; hawana muda wa mashairi. Wenye viwanda na wazazi wengi wa milimani hujibu kwamba mtoto anayefundishwa mapema huwa mtulivu baadaye. Nani mkweli? Nadhani wote wawili wanasema kweli juu ya watoto tofauti. Daktari anamwona yule aliyepewa pangaboi. Mzazi makini anamwona yule aliyepewa injini.

Hapa ndipo niitaje sababu yangu ya nyumbani. Mdogo wangu amemaliza shule mwaka jana, na kazi anayoitaka ni bodaboda. Mama amepokea zamu yake ya upatu, ameniita, akasema, "Mwanangu, wewe unashinda na mafundi. Mchagulie mwenzio pikipiki isije ikamuua." Mdogo wangu anataka kubwa, yenye tangi la kung'aa, inayovuta kama upepo. Nilimpeleka kwa mjomba. Akamwamkia, "Shikamoo mjomba," mjomba akaitikia bila kunyanyua uso, akamwelekezea pikipiki iliyokuwa imeegeshwa: "Panda. Miguu yote miwili chini." Visigino havikugusa. "Ilaze kushoto, uinue." Akashindwa kuinyanyua. Mjomba akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Ukishindwa kuinyanyua ikiwa imezimwa, ikiwaka itakunyanyua wewe." Siku ile tulirudi nyumbani bila kununua, na mdogo wangu hakunisemesha hadi usiku. Jambo hili bado halijaisha. Fedha ziko kwenye kasha la mama, na kila siku ananiuliza.

Ndipo nikagundua kwamba mafundi wa Rocky na mjomba wangu, wasioonana kamwe, wanasema lugha moja. Kijana wa mlimani huchaguliwa mashine kwa mwili wake kwanza. Aweze kuikanyaga vizuri akiwa amesimama, vidole vifikie breki, aweze kuilaza ubavu kwa uzito wake mwenyewe, na ikizama aweze kuigeuza mwenyewe au pamoja na mwenzake mmoja. Iwe na stata ya umeme, kwa sababu mkono mdogo uliochoka na baridi hauvuti kamba. Iwe na ile kamba ya usalama inayofungwa mwilini, ili akianguka injini izime. Urefu wa mkanda uwe wa kumweleza juu ya theluji, usiwe mrefu hata ashindwe kuukata kona.

Na kuiboresha kuna mpangilio wake. Wengi huanza na ekzosti ya kelele, wakaishia hapo. Mpangilio wa haki huanza na vile vinavyomgusa dereva: kimo cha usukani, umbali wa breki, kishikio chenye joto. Halafu shokapu, zilegezwe zilingane na uzito mdogo, maana shokapu ya mtu wa kilo 90 humrusha wa kilo 45 kama punje ya mahindi kikaangoni. Halafu mbao pana za mbele, ili pua isizame. Halafu mkanda wenye meno marefu zaidi. Halafu jeti na klachi za kufaa kimo cha mlima. Nguvu za ziada ziwe za mwisho, na zije baada ya kijana kuonyesha kwamba anajua kusema "mteremko huu leo sipandi." Kabla ya yote hayo, wa kwanza kabisa awe yule redio, ufito na koleo, na siku nzima ya kufukia mfuko kwenye theluji na kuutafuta mpaka mikono ijue yenyewe.

Ndugu msomaji, historia ya chombo hiki imeandikwa na vijana: mmoja wa miaka 15 na Ford bovu, wengine waliofanya kazi bosi akiwa hayupo, wengine waliorefusha mikanda kwenye gereji za nyuma ya nyumba. Anayesema vijana wasipewe mashine anafuta historia yenyewe. Lakini ni historia ileile inayoonyesha makaburi ya Alaska na British Columbia, na wazee wa Sevettijärvi waliobaki na elimu isiyoulizwa. Wahenga wasinikasirikie nikiugeuza kidogo msemo wao: mtoto akililia wembe, mkalishe chini, upime mkono wake, umtafutie kisu kinachomtosha, kisha ukae naye akichonga. Kazi hiyo ni ndefu kuliko kutoa, na ni ndefu kuliko kunyima. Mzee Bombardier wa Valcourt aliifanya mwaka 1922, katika baridi, bila kitabu cha kumwelekeza. Sisi tunashindwaje?